Kila Kipande ni Kweli

Siku nyingine ukitazama shindano la kusaka vipaji na zamu ya usaili wa Mwanza ikafika, fumba macho. Usimtazame kijana mwenye namba kifuani, msikilize. Tuseme anaeleza kwamba ametoka Sengerema alfajiri, kwamba amevuka na kivuko cha Kamanga akiwa na nauli ya kuja tu, kwamba mama yake hajui alipo. Sauti ni moja na maneno yanatiririka. Lakini nyuma ya sentensi ya kwanza jenereta linanguruma. Nyuma ya sentensi ya pili jenereta halipo, wapo kunguru. Ya tatu imesemwa mahali penye mwangwi, pengine kwenye korido. Kijana hajadanganya hata neno moja. Ila hakuna dakika yoyote chini ya jua ambayo aliyasema hayo matatu kwa kufuatana.

Aliyeyafuatanisha ni mtu ambaye hukumwona na hutamwona: mhariri wa video, au kama vijana wanavyomwita, mtu wa kuediti. Kazi yake ndiyo ninayotaka kuisifu hapa, taratibu, maana inatukanwa sana na watu wasioijua.

Watu huuliza kama vipindi vya uhalisia ni vya kweli au wahusika wanaigiza. Nadhani swali hilo limeelekezwa pasipo pake. Linamwandama mshiriki, kana kwamba uongo, kama upo, umo mdomoni mwake. Mshiriki kwa kawaida ni mkweli kupita kiasi, na ndiyo sababu alichaguliwa: analia upesi, anakasirika upesi, hajui kuficha. Mambo yenyewe hutokea wiki kadhaa baadaye, yeye akiwa amesharudi kwao, ndani ya chumba chenye kompyuta, spika mbili na feni.

Mwanza hatuendi mbali kutafuta mfano. Kwenye viwanda vya samaki mkata minofu humlaza sangara mezani, kisu chembamba kinaingia nyuma ya kichwa, kinafuata uti wa mgongo bila kuukata, kinatokea mkiani; anamgeuza, anarudia. Kinachoingia kwenye boksi ni samaki, hakuna ubishi. Ila hakuna mvuvi wa Ukerewe aliyewahi kuona mnofu ukiogelea. Kinachobaki mezani, kichwa na uti na mkia, ndicho tunachokiita panki.

Mapanki ya televisheni ni mengi kuliko minofu. Mwaka 1971 kamera ziliingia katika nyumba ya familia ya Loud huko Santa Barbara, California, zikakaa nayo miezi saba. Zilirekodiwa saa zipatazo 300. Mwaka 1973 televisheni ya umma ya Marekani ikaonyesha vipindi 12 vya saa moja moja, vikiitwa An American Family, na wengi huvihesabu kuwa ndiyo mwanzo wa aina hii ya televisheni. Familia ililalamika sana. Haikusema kwamba mambo yalibuniwa. Ilisema kwamba yamechaguliwa. Ukipiga hesabu, kwa kila saa moja iliyotoka hewani, saa 24 zilibaki mezani.

Kazi yenyewe huanza kwa uchovu. Mtu anakaa anatazama kila kilichorekodiwa, anaandika: dakika hii fulani amecheka, dakika hii ametaja baba yake, dakika hii amefunga kamba za viatu. Ile ya viatu usiidharau, itakuja kuokoa jahazi. Kisha watayarishaji wanaamua ni nani wa kufuatwa, maana katika foleni ya mamia hawawezi kupendwa wote, na kijana wa Sengerema sasa anakuwa mhusika. Mpaka hapo hakuna kilichotungwa. Lakini mtu amegeuzwa hadithi, na hadithi ina mahitaji yake: inataka atoke mahali, atake kitu, azuiwe na kitu.

Mhariri mzuri huanza na masikio. Anapanga maneno kwanza, picha ikiruka ruka vyovyote, mpaka kisa kisikike kama kingesikika redioni. Ndipo anaanza kufunika maungio. Pale sentensi mbili zilipoungwa, uso wa kijana ungeruka kwenye kioo na mtazamaji angestuka. Kwa hiyo anaweka juu yake picha ya kamba za viatu, au ya foleni, au ya jaji akinywa maji. Sauti inaendelea, jicho linadanganywa kidogo, ungio limefichika. Ukiona katikati ya maneno ya mtu kamera imeenda kutazama mikono yake, jua kwamba pengine hapo pana mshono.

Maadui zake ni vitu ambavyo sisi wengine hatuvisikii. Mvua ikipiga kwenye bati inafuta mchana mzima wa kazi, maana sentensi yenye mvua haiungiki na isiyo na mvua. Umeme ukikatika, mlio wa chumba unabadilika. Ndiyo maana mrekodi sauti anayejua kazi yake huwaomba watu wote wanyamaze kabla ya kufungasha vifaa, akarekodi nusu dakika au zaidi ya chumba kisichosema kitu. Wageni humwona kama amerukwa na akili. Kipande hicho ndicho kitakachojaza nyufa. Jua nalo ni msaliti: ufukweni kwetu linashuka haraka, na katika mazungumzo yanayodaiwa kuwa ya dakika tano utaona kivuli cha jiwe kimehama mita mbili.

Vijana wengi wa fani hii hujifunzia kwenye harusi, na sidhani kama kuna shule kali zaidi. Mteja anakaa nyuma ya kiti chako. Mama mkwe asionekane anapiga miayo. Shangazi aliyenuna aonekane anacheka, na kweli alicheka, ila wakati wa keki, siyo wakati wa hotuba.

Hilo la shangazi lina mtaalamu wake. Yapata miaka 100 iliyopita Mrusi Lev Kuleshov alichukua uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin, uso mtupu usioonyesha kitu, akaupachika baada ya bakuli la supu, tena baada ya jeneza, tena baada ya mwanamke. Husimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji kwa jinsi alivyoonyesha njaa, huzuni na matamanio. Uso ulikuwa uleule. Sasa fikiria jaji wa shindano la kuimba, aliyekaa kwenye kiti tangu asubuhi, aliyekunja uso mara nyingi, mojawapo kwa sababu kiyoyozi kimekufa. Ile sura ni hazina. Inaweza kupachikwa baada ya noti yoyote iliyokwenda kombo, ya kijana yeyote.

Bongo Star Search ya Rita Paulsen, Madam Rita, imekuwa ikipita mikoani kusaka waimbaji tangu muongo wa 2000, na Mwanza ni kituo chake cha siku nyingi. Nimeipenda hasa kwa sababu nyuso za majaji wake, yeye mwenyewe, Master Jay na Salama Jabir, zilikuwa nyuso za watu waliochoka kweli. Wasioweza kuimba walipewa dakika zao pia, na hapo mhariri huonyesha tabia yake. Kwenye shindano lolote la namna hii anaweza kumwacha mtu aimbe mpaka mwisho, tucheke naye. Au anaweza kumkata katikati ya noti mbovu na kutuonyesha jaji ameinamisha kichwa, tumcheke yeye. Tofauti ni sekunde mbili. Mimi humpima mhariri kwa sekunde hizo.

Kuna ufundi mmoja ambao Waingereza na Wamarekani wameufikisha mbali na ambao kwa Kiswahili una taabu yake: kuunga sentensi ambayo mtu hakuisema kwa vipande vya sentensi alizosema. Kwa Kiingereza kikanushi ni neno dogo linalosimama peke yake. Ukilinyofoa, mtu aliyekana amekubali. Kwetu ukanushi umeshika kitenzi kwa mikono miwili. Anayesema "simpendi" hawezi kufanywa aseme "ninampenda" kwa mkasi, maana mwanzo ni mwingine na mwisho ni mwingine. Mtendaji, wakati na mtendwa wamebanana ndani ya neno moja bila upenyo. Tena sauti ya Mswahili hushuka mwishoni mwa sentensi. Ukikata katikati na kuweka nukta, neno linabaki linaning'inia, na bibi aliyekaa kwenye mkeka anasikia kwamba pana kitu hakijakaa sawa ingawa hawezi kusema ni nini.

Kwa hiyo mhariri wetu hutegemea mahojiano ya pembeni, yale ambayo mshiriki yuko peke yake, bango la wadhamini mgongoni. Yale hufanywa baada ya tukio. Mshiriki huombwa avae shati lilelile. Huambiwa asianze jibu kwa "ndiyo", bali alirudie swali ndani ya jibu, ili muulizaji afutike, na aseme kwa wakati uliopo: "Naingia, naona majaji wananitazama, miguu inatetemeka." Anatetemeka kwa kumbukumbu, wakati mwingine vizuri kuliko alivyotetemeka awali. Je, huo ni uongo? Mjomba wako akikusimulia alivyokimbizwa na kiboko hufanya hivyohivyo, na humtaki aache.

Ule ukimya wa kabla ya kutaja mshindi sina haja ya kuueleza. Ni uso, uso mwingine, mama kwenye hadhira, uso wa kwanza tena.

Kazi ngumu kuliko zote, kwa maoni yangu, ilikuwa ya Maisha Plus, kipindi kilichoanza 2009 kwa juhudi za watu kama Masoud Kipanya, mchora katuni. Vijana waliwekwa kijijini wajenge, wachote maji, wapike kwa kuni, na watazamaji wakapiga kura. Kuanzia 2012 wakaingia pia wanawake wakulima wa shindano la Mama Shujaa wa Chakula lililoanzishwa na Oxfam. Hapo mhariri alikutana na mtihani ambao mwenzake wa Ulaya haujui: jembe. Ugomvi hukatika vizuri. Una mwanzo, kilele na mlango kubamizwa. Kulima hakuna kilele. Mama anainuka, anainama, anainuka. Ukilifupisha limekuwa mapambo, ukiliacha mtazamaji amehamia mpira. Vipande nilivyovipenda ni vile ambavyo mkataji alikuwa na ujasiri wa kuacha jembe lipige mara tano, sita, mpaka ukaona mama wa mkoani ana mapigo na kijana wa mjini hana. Hapo hakuna wa kuigiza. Mikono ya mjini hujulikana.

Wanaouliza kuhusu uigizaji wangefaidika kujua kwamba Marekani sheria yenyewe inagawa mambo haya mafungu mawili. Miaka ya 1950 ilibainika kwamba mashindano ya maswali kwenye televisheni yalipangwa. Charles Van Doren, mwalimu wa chuo kikuu aliyeshangiliwa nchi nzima katika kipindi cha Twenty-One, alikiri mwaka 1959 kwamba alikuwa akipewa majibu. Mwaka uliofuata ikawa kosa la jinai kupanga matokeo ya shindano. Kwa hiyo nani ameshinda haiguswi, lakini maisha yanayozunguka shindano yanaweza kupambwa. Mtayarishaji Mark Burnett alikiri mwaka 2001 kwamba katika kipindi chake cha Survivor waliwahi kutumia watu wengine kurudia kuogelea, ili wapate picha ya juu isiyo na wapiga picha ndani yake. Matokeo ya mashindano, akasema, hayakubadilika. Mwaka huohuo kundi lake lilikuja Kenya, kwenye hifadhi ya Shaba, likawaweka Wamarekani 16 ndani ya maboma ya miiba. Simba walikuwapo kweli, na walinzi nao walikuwapo kweli. Kilichoonekana ni simba.

Big Brother Africa, shindano la washiriki waliofungiwa nyumba moja, ilitupa kitu adimu: nafasi ya kumkagua mhariri. Mwisho Mwampamba alipofika nafasi ya pili mwaka 2003, Richard Bezuidenhout alipoibuka mshindi 2007, na Idris Sultan 2014, wenye king'amuzi cha DStv waliweza kutazama nyumba hiyo saa 24, kisha jioni wakatazama muhtasari. Wachache waliofanya vyote viwili walijua jambo ambalo sisi wengine tulibishania bure. Mchana mzima watu wanalala, wanasuka, wanaosha vyombo. Jioni wamekuwa na mapenzi na uadui. Hata hiyo ya saa 24, jamani, kuna mtu alikuwa akichagua kamera ipi iende hewani kati ya nyingi zilizojificha nyuma ya vioo.

Lakini kwa Mwanza ungio kubwa kuliko yote halikuwa la shindano. Lilikuwa la filamu ya hali halisi ya Hubert Sauper, Mwaustria, iliyotoka 2004 kwa jina la Darwin's Nightmare: sangara, viwanda, ndege za mizigo aina ya Ilyushin, marubani kutoka mataifa yaliyokuwa Sovieti, wanawake wa baa, watoto wa mitaani. Ilipata tuzo ya César Ufaransa na ikateuliwa kuwania Oscar mwaka 2006. Mwaka huo Rais Kikwete akailaani hadharani, na Mwanza watu wakaandamana. Mwanahistoria François Garçon akaandika kuishambulia. Sauper akamshtaki, na mwaka 2008 mahakama ya Paris ikamtia Garçon hatiani kwa kashfa, kwa kudai kwamba watoto walilipwa waigize matukio.

Nimeitazama kwa hasira na nimeitazama kwa mapenzi, na bado siwezi kuacha kuistaajabia. Filamu haina msimulizi. Hakuna sauti inayokuambia ufikiri nini. Kila hoja inatolewa kwa kuweka picha moja kando ya nyingine. Minofu safi kwenye mkanda wa kiwanda. Kisha lori la mapanki, wadudu, vichanja, mama aliyedhurika jicho kwa mvuke wa vichwa vinavyooza. Ulaya inakula nyama, Mwanza inakula mifupa: sentensi hiyo haisemwi popote, nawe unatoka ukiwa umeisikia. Kila kipande ni kweli. Mapanki yapo, nimekula supu yake na ni tamu. Kilichoachwa mezani ni kwamba sokoni mwaloni Kirumba siku ileile watu walikuwa wananunua sato na dagaa, na kwamba sehemu ya mapanki huishia kuwa chakula cha mifugo. Malalamiko makubwa ya Rais yalikuwa hapo na kwenye dokezo la filamu kwamba ndege hizo huleta silaha.

Hilo la silaha ndilo darasa. Filamu nzima inauliza ndege zile zinakuja na nini. Huoni sanduku la bunduki likishushwa Mwanza. Ila karibu na mwisho rubani mmoja, kwa sauti ya chini, anasimulia kwamba aliwahi kupeleka vifaru Angola na kurudi Ulaya na zabibu kutoka Johannesburg. Ni ungamo la kweli, la mtu aliyelemewa, kuhusu safari nyingine kabisa. Limewekwa pale baada ya saa nzima na zaidi ya kuzitazama ndege zetu, na Angola inateremka kwenye uwanja wa Mwanza bila mtu kusema uongo.

Mahakama iliulizwa kama vipande vilipangwa, ikajibu. Waandamanaji walilalamikia jumla. Kilichofanya kazi yote kilikuwa katikati, kwenye maungio, na hapo hakuna sheria wala bango la maandamano linalofika. Mimi naona ungio la mapanki linatetewa na ukweli wa pande zake mbili, samaki ni mmoja na meza ni moja. La Angola linadaiwa. Mtu mwingine atapima kinyume, na tutabishana vizuri zaidi kuliko tulivyobishana 2006, kwa sababu tutakuwa tunabishania kitu kilichopo.

Jina la Sauper lilitukanwa kila kona ya jiji hili. La aliyeikata filamu, Denise Vindevogel, sijawahi kulisikia likitajwa Mwanza, si kwa wema wala kwa ubaya. Vilevile mwaka 2022 Diamond Platnumz na Zari Hassan walipotokea kwenye Young, Famous & African ya Netflix, tulibishana wiki nzima kama mapenzi yamerudi au ni biashara, na hakuna aliyeuliza ni nani aliyeamua Zari atazame upande ule, sekunde ile. Majina ya wahariri huandikwa. Hupita mwishoni, kwa herufi ndogo, mahali fulani kati ya dereva na mpishi, na vituo vingi huikata orodha hiyo katikati ili tangazo la kubeti liwahi. Ukiwahi kuikuta imepita nzima, ipige picha kwa simu.